Namba Zilizoandikwa Ubavuni mwa Tairi

Mwezi uliopita, Jumamosi moja asubuhi, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alinijia nyumbani na gari lake aina ya Subaru Impreza la mwaka 2008. Akaliegesha mlangoni, akaingia, akaniamkia, na kabla hata chai haijamiminwa akasema, "Mjomba, nataka unishauri. Nataka kubadilisha matairi."

Nikamwuliza kama yaliyopo yamekwisha. Hayajaisha. Yamepasuka? Hapana. Basi ikabidi nimvute polepole mpaka nikalipata jambo lenyewe. Kumbe wenzake kazini walikuwa wamemwalika kwenda kuendesha gari katika uwanja wa mbio huko Athi River, siku ya Jumapili, kila mtu na gari lake. Hayo si mashindano. Watu hulipa kiingilio, huvaa kofia ngumu, huingia uwanjani kwa zamu na kuzunguka kwa mwendo ambao barabarani ungewafikisha mahakamani, na jioni kila mtu hurudi nyumbani na gari lilelile alilokuja nalo. Huko Ujerumani mchezo huu una wenyewe tangu zamani. Uwanja wa Nürburgring ulifunguliwa mwaka 1927, na njia yake ya kaskazini, yenye urefu wa karibu kilomita 21, hufunguliwa kwa raia siku zilizopangwa, nao hulipia kila mzunguko. Kwetu jambo hili bado changa, lakini vijana wamelipenda, na mimi siwalaumu. Afadhali kijana akimbize gari uwanjani kuliko kulikimbiza Thika Road saa nne za usiku.

Lakini wenzake walikuwa wamemwambia kwamba hawezi kwenda uwanjani na "matairi ya teksi". Ni lazima aweke rimu za inchi 18, na matairi mapana yenye ubavu mwembamba kama mkanda. Alikuwa amekwisha kuomba mkopo katika chama chao cha akiba. Na gari hilo hilo, wasikilizaji, siku ya Jumatatu humpeleka kazini Eneo la Viwanda, na kila mwisho wa mwezi humpeleka mama yake Murang'a. Mama yake ni dada yangu. Kwa hiyo shauri lile sikulichukulia kwa mzaha.

Nikaona kwanza nimkumbushe historia ya gari analolipenda. Sisi watu wa Nairobi hatukuanza kuipenda Impreza kwa sababu ya picha za magazeti. Tuliipenda kwa sababu tuliiona ikipita imejaa matope. Kenneth Eriksson alimaliza wa pili katika Safari Rally kwa Impreza mwaka 1996, Colin McRae akashinda mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Mwenzetu Patrick Njiru naye aliendesha Impreza katika Safari ya 1994, na wengi wenu mnakumbuka jinsi watu walivyojipanga kandokando ya barabara kumshangilia.

Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, magari yalikuja na matairi gani? Yalikuja na tairi la 205/65 kwenye rimu ya inchi 15. Inchi 15, wasikilizaji, ndogo kuliko ya gari la mpwa wangu! Katika mashindano ya lami, magari hayo hayo huvaa tairi la 235/40 kwenye rimu ya inchi 18. Gari ni lile lile na dereva ni yule yule, ila barabara si ile ile. Tena ukiyapima matairi hayo mawili yakiwa yamesimama, la kwanza lina kimo cha milimita 647 na la pili 645. Rimu imeongezeka inchi tatu nzima, lakini kimo cha tairi hakikubadilika kwa zaidi ya milimita tatu. Vijana wetu wameiona picha ya inchi 18 kwenye lami ya Ulaya, wakaisahau ile ya inchi 15 kwenye mawe ya Naivasha.

Sasa mtaniuliza, kimo hicho nimekipataje? Hapa naomba mwenye kalamu aichukue, maana ndipo penye mambo.

Ubavuni mwa kila tairi pameandikwa namba. Kwenye Impreza ya mpwa wangu pameandikwa 205/55R16 91V. Namba ya kwanza, 205, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 55, si milimita. Ni asilimia. Inasema kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana ule. Asilimia 55 ya 205 ni karibu milimita 113. Herufi R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na siku hizi karibu matairi yote ya gari dogo ni ya namna hiyo. Namba 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Basi zidisha 16 kwa 25.4, utapata 406. Ongeza ubavu wa juu na ubavu wa chini, yaani 113 mara mbili. Jumla yake ni milimita 632, na hicho ndicho kimo cha tairi zima.

Hiyo 91V mwishoni watu wengi hawaitazami kabisa, na mimi naona ndiyo ya kutazamwa kwanza. Namba 91 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, na kwa jedwali la viwanda maana yake ni kilo 615. Herufi V ni mwendo wa juu kabisa, yaani kilomita 240 kwa saa. Hakuna mtu wa kwenda 240 hapa kwetu, lakini watu wa kupakia abiria watano na magunia mawili ya viazi tunao.

Tulikaa na karatasi, mimi na mpwa wangu, tukapiga hesabu ya kila tairi aliloambiwa na wenzake. La kwanza lilikuwa 225/40R18. Asilimia 40 ya 225 ni 90, mara mbili ni 180, ongeza inchi 18 ambazo ni milimita 457, jumla 637. Limezidi lile la zamani kwa milimita tano tu. Akafurahi. "Mjomba, si unaona? Linaingia!" Nikamwambia ni kweli, hesabu haikatai. Lakini soma sasa namba ya uzito. Tairi la kawaida la kipimo hicho huandikwa 88, yaani kilo 560. Umepoteza kilo 55 kwa kila gurudumu. Lipo lililoimarishwa, lenye alama XL na namba 92, linalobeba kilo 630, ila hilo huhitaji upepo zaidi ili libebe uzito wake, na dukani si kila mtu atakayekuambia. Wengine hata wao hawajui.

La pili lilikuwa 225/45R17. Kimo chake ni 634, ubavu wake milimita 101, na uzito wake kwa kawaida ni 91 kama lile la zamani. Hili ni chaguo la heshima, na liko kwenye Impreza nyingi zilizotoka kiwandani zikiwa na injini yenye tabo. La tatu lilikuwa 215/45R17, lenye kimo cha 625. Si baya kwa kimo, lakini la kawaida lina namba 87, yaani kilo 545.

La nne wenzake hawakulitaja, nililitaja mimi, 225/50R16. Asilimia 50 ya 225 ni 112 na nusu. Mara mbili ni 225. Ongeza 406, unapata 631. Angalieni basi. Kimo ni kilekile, ubavu ni uleule kwa nusu milimita, rimu ni ileile ya inchi 16, upana umeongezeka kwa milimita 20, na namba ya uzito kwa kawaida ni 92. Linakaa hata kwenye rimu ya upana wa inchi sita na nusu, ingawa inchi saba ndiyo linayoipenda. Kijana akalitazama lile karatasi kimya. Kisha akasema, "Lakini halitaonekana, Mjomba." Hapo ndipo nilipojua tunazungumza mambo mawili tofauti.

Kwa nini nashikilia hivi kimo cha tairi? Kwa sababu kipimo cha mwendo kwenye dashibodi hakioni barabara. Kinahesabu mizunguko ya gurudumu. Tairi likiwa refu, gurudumu moja linakula njia ndefu zaidi kwa kila mzunguko, na sindano haina habari. Jirani yangu mmoja alikuwa na Impreza kama hii, akachoka kugonga matuta, akaazima busara ya mtaani na kuweka matairi ya Forester, 215/65R16. Tundu za rimu zililingana, zikafungwa vizuri. Kimo cha tairi hilo ni milimita 686, yaani limezidi kwa zaidi ya asilimia 8. Sindano ikisema 100, yeye yuko 108. Na akikata kona amebeba watu, tairi lilikuwa likisugua ndani ya madigadi mpaka likachanika begani. Mafundi wengi wenye kujali hawapendi kutoka nje ya asilimia 3, juu wala chini. Tairi fupi nalo lina adabu yake. Linaipa injini nguvu ya kuondoka, na ndiyo maana wako watu wa uwanjani wanaolitaka makusudi, lakini kwenye safari ndefu injini hupiga kelele na gari hushuka karibu na matuta.

Kwa Subaru kuna jambo la ziada, na wenye Subaru naomba mlisikie vizuri. Magurudumu yote manne yanavutwa na injini, na katikati kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Difu hiyo imetengenezwa kuvumilia tofauti ndogo wakati wa kukata kona. Haikutengenezwa kuvumilia tofauti mchana kutwa kwenye barabara iliyonyooka. Huko Marekani Subaru huwaelekeza wateja wao kwamba mzingo wa matairi usipishane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita sita. Sita tu! Sasa chukua tairi jipya lenye meno ya milimita 8, lifunge pamoja na matatu ya zamani yaliyobakiwa na milimita 4. Namba za ubavuni zinafanana kabisa. Lakini kimo kimepishana milimita 8, na mzingo umepishana karibu milimita 25. Hiyo ni mara nne ya kiasi kinachoruhusiwa. Kwa hiyo ule mtindo wa kununua mawili mapana ya nyuma "kwa ajili ya uwanja" na kubakiza mawili ya zamani mbele, kwa Subaru ni kununua difu kwa mkopo. Manne kwa pamoja, au usinunue.

Tairi linakaa kwenye rimu, na rimu zina mitego yake. Impreza nyingi zina tundu tano kwenye duara la milimita 100. Ziko Toyota nazo zenye tundu tano kwenye milimita 100, na ndiyo maana mtu wa Kirinyaga Road atakuambia bila wasiwasi, "Hizi zinaingia." Hakudanganyi, zinaingia kwenye boliti. Lakini tundu la katikati la rimu ya Toyota hiyo ni milimita 54, na kitovu cha Subaru ni milimita 56. Rimu haikai, inabaki imeegemea, na fundi asiye na subira huikaza hivyohivyo au huichonga.

Mtego wa nati mimi mwenyewe ulinipata. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na Subaru Legacy. Nikaenda kwenye gereji moja, ambayo sitaitaja, nikabadilisha rimu, na kijana pale akazipoteza nati zangu mbili. Akachukua nyingine kwenye debe. Zilikuwa nati za Toyota. Ukizitazama kwa macho ni sawa, unene wa boliti ni milimita 12 zote mbili. Lakini uzi wa Subaru una hatua ya milimita 1.25 na wa Toyota 1.5. Nati ya Toyota huingia kwenye boliti ya Subaru mizunguko miwili, kisha hugoma, na ukitumia spana ya nguvu huendelea huku ikila uzi. Kijana akatumia spana ya nguvu. Nilipofika Roysambu usukani ukaanza kutikisika, nikadhani ni kubalansi. Niliposimama karibu na Githurai nikakuta boliti mbili hazina kitu na nati za tatu zinazunguka kwa vidole. Nilikuwa na watoto ndani ya gari. Tangu siku hiyo nati hufunga mimi mwenyewe, kwa mkono kwanza mpaka mwisho, ndipo spana, na nikishakwenda kilomita kama 50 nasimama na kuzikaza tena. Mke wangu hunicheka.

Kuhusu ubavu sina haja ya kusema mengi, maana kila mwenye gari mjini amekwisha kulipa karo yake. Shimo likiwa kali, ubavu ndio unaobonyea ili rimu isigonge ukingo. Ukiwa na milimita 113 una nafasi ya kubonyea. Ukiwa na 90 nafasi imepungua, na ukiwa na upepo mdogo pia haipo kabisa. Rimu inapinda au nyuzi za ubavu zinakatika, tairi linatoa uvimbe kama yai. Uvimbe huo hauzibwi. Ukiuona, tairi hilo limekwisha, hata kama meno yake ni mapya.

Tuje sasa uwanjani kwenyewe, maana kijana alikuwa bado ananitazama kama mtu anayemzuia kwenda harusini.

Uwanjani adui wa tairi ni joto. Barabarani mtu hufunga breki kwa nguvu mara moja moja, uwanjani hufunga kwenye kila kona, mzunguko baada ya mzunguko. Mpira unapata joto, na hewa iliyomo ndani nayo inapanuka. Kwa tairi la paundi 32, kila joto la ndani likipanda nyuzi 10 za Selsiasi upepo huongezeka karibu paundi moja na nusu. Kwa hiyo mtu anayeingia na paundi 32 asubuhi anaweza kutoka na 38 au zaidi. Tairi limevimba katikati, linagusa lami kwa mgongo tu, gari linaanza kuteleza, na dereva analaumu upana. Anaweka mapana zaidi kumbe alihitaji geji ya upepo. Wenye uzoefu huzunguka mara chache, hutoka, hupima tairi likiwa la moto, hupunguza kidogo, hurudi tena, na huandika kila walichokiona katika daftari. Na jioni kabla ya kushika njia ya nyumbani hujaza tena upepo kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa. Mtu anaingia barabarani amechoka, amefurahi, na matairi yake yana upepo wa uwanjani ambao sasa umepoa na kushuka chini kabisa.

Jambo la pili ni mpira wenyewe. Ubavuni kuna neno TREADWEAR na namba baada yake. Tairi la kawaida la mjini huwa na 400 au zaidi. Tairi la watu wa uwanjani huwa na 200 au chini ya hapo. Namba ikiwa ndogo mpira ni laini, unashika vizuri na unakwisha upesi. Nawaambieni kweli, tairi la 205 lenye mpira mzuri litamshinda mwenye tairi la 225 la mpira mgumu uliokaa ghalani miaka minane. Umri wake nao umeandikwa. Tafuta herufi DOT na utazame tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2319, basi tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wauzaji wa mitumba hawapendi mtu anayeinama kusoma hapo.

Lakini tairi laini la uwanjani mara nyingi lina mifereji michache tena mifupi. Kwenye lami kavu linafurahisha. Mvua ya Aprili ikishanyesha na maji yakasimama barabarani, maji yatoke wapi? Tairi pana hukanyaga maji mengi zaidi, na lisipokuwa na mifereji ya kuyatoa huelea juu yake. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, na gari linakwenda linakotaka. Mtu wa Nairobi anayeendesha kila siku Machi hadi Mei juu ya tairi la uwanjani amejitoa kwenye mikono yake mwenyewe.

Basi tuliamua hivi. Mkopo wa chama usichukuliwe. Gari libaki na rimu zake za inchi 16 na tairi la 205/55, lakini yale manne yaliyokuwepo, ambayo mawili yalikuwa ya mwaka tofauti na mawili mengine, yatoke yote, aweke manne ya aina moja yenye mpira mzuri. Uwanjani aende na hayohayo mara ya kwanza, ajifunze njia. Akiona mchezo umemkaa moyoni, atafute polepole seti ya pili ya rimu za inchi 16, zenye upana wa inchi saba na kitovu cha Subaru, aweke lile tairi la 225/50, si la kupatikana kila duka lakini likiagizwa hupatikana, na ayabebe mpaka uwanjani, ayafunge huko, ayafungue huko. Mazungumzo ya bima tuliyafanya pia kwa dakika mbili. Nilimwambia asome mkataba wake, maana mikataba mingi huyaacha nje mambo ya viwanjani.

Hakukubali yote. Aliniambia wenzake watamcheka. Nikamwambia mimi pia hunicheka mke wangu kwa ajili ya nati.

Jumapili iliyopita alikwenda. Jioni akanipigia simu kutoka Athi River, nikajua kwa sauti yake kwamba mambo yalikuwa mazuri. Wa kwanza kutoka uwanjani kabla ya wakati, aliniambia, alikuwa mwenzake mwenye rimu za 18. Matairi yake hayakuwa na kosa hata kidogo siku ile. Alikanyaga breki kwenye mzunguko wa sita, pedali ikashuka mpaka sakafuni, akapita moja kwa moja kwenye nyasi. Hakuumia. Mafuta ya breki yalikuwa ya zamani, yamekunywa maji, na kwa joto lile yakachemka. Mpwa wangu naye aliporudi aliona pedali yake imeanza kulegea, akasimama.

Aliniuliza mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya muda gani na yale ya kopo la rangi gani ni bora. Nilimwambia rangi ya kopo haina maana, na kwamba nitamjibu vizuri wiki ijayo, wakati huu huu, ili na ninyi wengine msikie.